Ishara iliyoikatiza malloc

Kwa miezi kadhaa seva niliyoiandika kwa lugha ya C, ambayo hupokea taarifa za vifaa vya kufuatilia magari, ilikuwa ikizimika yenyewe mara moja au mbili kwa wiki, na kila ilipowashwa upya ilifanya kazi kana kwamba halikutokea lolote. Nilishuku mtandao, nikashuku vifaa. Msimbo wangu niliuacha wa mwisho.

Hatimaye niliuruhusu mfumo uhifadhi picha ya kumbukumbu ya programu pindi inapokufa, nikaifungua kwa gdb, programu ya kuchunguza hitilafu, inayoonyesha ni kazi ipi iliyoiita ipi. Chini kabisa kulikuwa na mzunguko mkuu ukiomba kumbukumbu kwa malloc, kazi ya C inayogawa kumbukumbu. Juu yake ishara ya SIGALRM, ambayo mfumo huituma kengele ya muda inapolia, kisha kitendaji changu kinachoitwa na ishara hiyo ili kufunga miunganisho iliyonyamaza, kisha free, inayorudisha kumbukumbu, kisha abort, inayoiua programu. Ishara ilikuwa imeikatiza malloc ikiwa bado inapanga orodha ya vipande huru vya kumbukumbu, nami ndani ya kitendaji hicho nilikuwa nikiita free na syslog, ile ya kuandika kumbukumbu za matukio, ambazo zote mbili hazifai kuitwa mahali hapo kwa kuwa huweza kuigusa orodha hiyohiyo. Kengele ililia kila baada ya sekunde 30, na malloc humaliza kazi yake upesi mno, ndiyo maana viwili hivyo viligongana kwa nadra.

Waliobobea kuniliko waliteleza hapohapo. Julai 1, 2024, kampuni ya usalama ya Qualys ilitangaza dosari iliyopewa namba CVE-2024-6387 katika sshd ya OpenSSH, programu inayopokea watu wanaoingia kwenye kompyuta kutoka mbali: muda wa kuingia, ambao kwa kawaida ni sekunde 120, ulipoisha, kitendaji cha SIGALRM kiliishia kuita syslog. Dosari hiyo iliwahi kuzibwa mwaka 2006, ikarudi katika toleo la 8.5p1, ikaondolewa tena katika 9.8p1.

Kabla ya kurekebisha nilitaka kuiona seva ikianguka kwa amri yangu, kwa hiyo niliiweka kengele ilie kila milisekunde moja huku nikiimiminia ujumbe, ikafa baada ya sekunde chache.

Jaribio langu la kwanza la kurekebisha lilikuwa kitendaji kinachoinua bendera tu, ya aina ya sig_atomic_t, ili mzunguko mkuu uikague kabla ya kuingia poll, yaani kulala ukisubiri data ifike. Seva haikuanguka tena, lakini nilikuwa nimezaa mgongano mwingine: ishara ikifika baada ya bendera kukaguliwa na kabla poll haijaanza kusubiri, programu hulala ilhali kazi ipo, na usiku wa kimya miunganisho iliyokufa ilibaki wazi kupita muda wake. Ndipo nikatumia bomba, njia ambayo baiti zikiandikwa upande mmoja husomwa upande wa pili: kitendaji huandika baiti moja upande mmoja kwa write, ambayo inaruhusiwa, na poll husubiri upande wa pili pamoja na soketi nyingine, hivyo baiti iliyowahi kufika haipotei. Ncha zote mbili hazizuii, kwani bomba likijaa kitendaji kingekwama humo, na thamani ya errno, yaani namba ya kosa la mwisho, huhifadhiwa kitendaji kinapoanza na kurudishwa kinapoisha.

Jaribio la milisekunde moja niliendesha usiku kucha. Asubuhi namba ya mchakato, ambayo hubadilika seva ikiwashwa upya, ilikuwa ileile.