Siku moja maabara, Dodoma: kazi inaanza kabla ya kengele

Saa 12:30 asubuhi. Kidato cha nne leo wana titresheni, yaani kudondoshea asidi kwenye alkali hadi zimalizane, nao wako 45. Kila mmoja atamaliza kama mililita 100 za asidi na nyingine 100 za alkali, kwa hiyo lita 5 za kila moja ziwe tayari kabla ya mstarini. Asidi ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita): mililita 43 za haidrokloriki kali ya asilimia 36, ukimimina asidi kwenye maji. Ukigeuza, inachemka ghafla na kukurukia. Alkali: gramu 20 za sodiamu haidroksaidi, na upime upesi, maana vidonge vyake vinafyonza unyevu hapohapo juu ya mizani.

Saa 1:00, maji. Hapa ndipo Dodoma inapotutesa. Maji yetu ya visima ni magumu. Angalia ukoko mweupe ndani ya birika la chai. Baikaboneti iliyoleta ukoko huo inakula asidi. Pima: mililita 100 za maji ya bomba, tia methili oranji, rangi inayoonyesha asidi ilipotosha, dondoshea asidi ya 0.1 M. Yakimeza mililita 5, basi asidi utakayoizimua kwa maji hayo itashuka hadi 0.095, na darasa zima litasoma mililita 21 badala ya 20. Watoto watajilaumu bure. Kwa hiyo tunakinga mvua kwenye madumu safi. Ikikosekana, tunanunua maji ya betri kituo cha mafuta. Unayemtuma mwambie waziwazi: maji, siyo asidi ya betri.

Saa 2:40, vipindi viwili mfululizo, dakika 80 za kusimama. Bureti, mrija wa kioo wenye vipimo na koki, isuuzwe kwa asidi yenyewe, faneli itolewe, kiputo chini ya koki kiondoke. Kisiposukumwa nje mapema, kitatoka katikati ya kazi na kuhesabiwa kama asidi. Karatasi nyeupe chini ya flaski.

“Mwalimu, yangu imekuwa nyekundu.”

“Umepitiliza. Tunataka rangi ya chungwa. Anza upya, mwishoni tone moja moja.”

Sentensi hiyo huisemi mara moja. Unaisema meza hadi meza, mpaka sauti inakauka.

Chai.

Baadaye, kompyuta: mashine 15, wanafunzi watatu watatu, tukiomba umeme usikatike. Wanaingiza namba za asubuhi kwenye Excel. Kuna anayeandika “20.1 cm” ndani ya seli. AVERAGE, fomula ya wastani, haigombi, inairuka seli hiyo kimyakimya na kutoa wastani wa namba mbili badala ya tatu. Dalili yake ni ndogo: namba hukaa kulia, maandishi kushoto.

Mchana, jua limeshaelemea bati, zamu ya kikundi cha utafiti: je, choya (rozela) inaweza kushika nafasi ya methili oranji? Gramu 10 za choya kavu zichemshwe dakika 10 kwenye mililita 100 za maji, zichujwe, kisha matone matano. Wao wanapenda kutia kijiko kizima rangi ionekane vizuri. Choya yenyewe ni chachu, hivyo ukizidisha unaongeza asidi ambayo bureti haikuipima. Na bila friji, juisi ya jana haifai.

Jioni ni kuosha. Bureti 45, koki zichomolewe moja moja, kipande cha karatasi kiwekwe katikati zisigande. Fundi maabara anatikisa dumu la maji ya mvua: limebaki robo, na kesho ni zamu ya mkondo B.