Saa 200 za jamii kabla ya kuvaa joho

Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, huwataka wanafunzi wa shahada ya kwanza watimize saa 200 za huduma kwa jamii ndipo wahitimu. Nchini Mexico jambo hili limo kwenye sheria tangu 1945, na kwa kawaida ni saa 480 zisizokamilishwa chini ya miezi 6. Hesabu hutofautiana, lakini wanaokwama hukwamia palepale.

Kwanza, kalenda. Saa 200 kwa saa 8 kwa siku ni siku 25, yaani wiki 5 za likizo. Ukizigawa kwa Jumamosi za saa 5, unahitaji Jumamosi 40, na mitihani haitakuachia zote. Tenga wiki 6, maana sikukuu na homa hazikosi.

Usianze kazi kabla karatasi hazijakamilika. Chukua barua ya utambulisho chuoni, ikitaja kituo, tarehe na idadi ya saa, kisha kituo kijibu kwa barua yenye sahihi na muhuri. Siku ulizofanya kazi kabla ya barua hiyo unaweza kuzipoteza zote. Makao ya watoto huenda yakadai cheti cha tabia njema cha polisi. Maombi hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, halafu kuna alama za vidole na kungoja, kwa hiyo anza mapema sana.

Daftari la kumbukumbu ndilo huwaliza wengi. "Nilisaidia watoto" si kumbukumbu. Andika hivi: "Jumanne, 8:00–13:00, hesabu za sehemu, watoto 14. Saba wanasema 1/4 ni kubwa kuliko 1/3 kwa kuwa 4 ni kubwa kuliko 3. Kesho tutakata karatasi." Hapo msimamizi anaona kazi, tatizo na hatua inayofuata. Tena angalia saa: ukiandika 2:00–7:00 kwa saa zetu za Kiswahili, ofisini watasoma mchana hadi jioni, wakati kituo kimeshafungwa. Fuata mfumo wa fomu, na utiwe sahihi siku hiyohiyo. Msimamizi akihamishwa kabla ya kutia sahihi, hakuna atakayekubali kushuhudia kazi ambayo hakuiona.

Kuhusu kazi yenyewe, kosa kubwa ni kufika na mradi mkononi. Mwanafunzi wa kompyuta anataka kutengeneza tovuti, kumbe mpishi anahitaji daftari la stoo linaloonyesha unga utaisha lini. Siku mbili za mwanzo uliza, osha sufuria, sikiliza. Hili si suala la adabu tu, ndiko kujifunza kwenyewe kunakoanzia.

Chukua bustani ya gunia, ambayo vikundi vingi huipenda. Mkebe usio na kitako huwekwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto, udongo uliochanganywa na samadi ukazunguka, kisha mkebe huvutwa juu na kujazwa tena mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo hupeleka maji chini. Ukiiruka, sukuma wiki ya juu itanawiri na miche ya ubavuni itakauka, na watu watalaumu mbegu. Hata ikijengwa vizuri, itakufa Agosti shule ikifungwa iwapo hakuna aliyeulizwa nani atamwagilia. Swali hilo liulizwe kabla ya kununua gunia, na jibu liwe jina la mtu anayeishi hapo, aliyekubali kwa kinywa chake.

Ripoti ya mwisho isiwe orodha ya mazuri. Miche ikikauka, andika ilikauka wiki ya ngapi, kwa nini, na mlibadilisha nini. Nakala moja iachie kituo pamoja na namba za wauza miche, kwa sababu Januari watakuja wanafunzi wengine, na mkuu wa kituo amechoka kueleza upya maji yako wapi.