Mguu wa Kushoto

Jumamosi iliyopita, katika khitma ya babu, shangazi aliwataja marehemu wa nyumba yetu mmoja mmoja ili wasomewe Fatiha, na alipofika kwa mama yake babu akamtaja kwa jina kamili, fulani binti Abdallah. Wenzangu waliitikia amina. Mimi sauti ilinikwama. Tangu nilipolisoma jalada lile kule Nairobi, kila nikisikia jina hilo moyo hunienda mbio.

Nilikuwa nimekwenda kutafuta habari za shamba. Baba alikuwa amefariki, ugomvi wa ardhi ya Mambrui umeshafika kwa wazee, na kila mtu alisema karatasi za zamani ziko katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, lile jengo la Moi Avenue lililokuwa benki. Ya shamba niyaache. Miongoni mwa majalada niliyoletewa kulikuwa na moja la madai ya fidia, yaliyofuata sheria ya mwaka 1907 ya kuondoa utumwa katika mwambao wetu. Waliolipwa walikuwa mabwana. Watumwa walitoka mikono mitupu.

Ukurasa wenyewe ulipigwa mistari kwa mkono, wino umekuwa wa rangi ya kahawia, ukingo wa chini umeliwa na wadudu. Safu ya kwanza ilikuwa na jina la bwana, na ni jina la nyumba ambayo tumekuwa tukialikana harusi tangu utoto wangu. Katika safu ya pili lilikuwamo jina lake yeye, moja tu, bila ya baba. Kisha: mwanamke, miaka 40 hivi, Mnyasa, kazi ya shamba, mke wa fundi wa majahazi. Fundi aliandikwa kwa ukamilifu, jina lake, la babake na la babu yake, majina matatu ambayo kila mtoto wa kwetu huyajua kwa moyo kabla hajaingia chuo cha Kurani. Hata hapo nilijiambia kwamba majina hufanana. Ndipo nikafika safu ya mwisho. Kiasi cha rupia alichodai bwana kilikuwa kimekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, juu yake kimeandikwa kingine, pungufu, na pembeni afisa ameeleza sababu kwa maneno machache: mguu wa kushoto mbovu.

Mama yake babu alikuwa akichechemea. Shangazi, aliyemdiriki utotoni na kulala naye kitanda kimoja, hutuigizia mwendo wake uani, akiuburuta mguu wa kushoto, na sote tumekua tukiambiwa kwamba alianguka mkwajuni alipokuwa msichana. Nilikaa na kidole juu ya maneno yale mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama nimemaliza. Mguu ule, ambao kwetu ndio tuliomkumbukia kwa mapenzi, ulikuwa umekaguliwa na watu wawili waliokuwa wakivutana juu ya fedha, na huenda yeye mwenyewe alisimamishwa mbele yao akaambiwa atembee ili waone. Hilo la kuambiwa atembee halikuandikwa, lakini mimi silifikirii jingine nikiukumbuka ukurasa ule.

Nilirudi Malindi nikanyamaza nalo muda mrefu, kisha jioni moja nikamwendea shangazi kwake Barani, nikamwamkia, nikamweleza. Alikuwa akipepeta mchele, wala hakuacha.

"Nilikuwa nalijua, mwanangu," alisema. "Huyo Abdallah, nani aliyepata kumwona?"

Walioachwa huru bila baba wa kujulikana wengi waliitwa hivyo, na nyumbani kwetu hakuna aliyepata kuuliza. Nilimwuliza habari ya mkwaju. Akasema ndivyo bibi mwenyewe alivyowaambia, na yeye hana la kuongeza. Habari ya ile nyumba alinikataza kuitaja, kwa kuwa wale ni watu wetu sasa. Nimemtii, ingawa mpaka leo sijui kama ninachohifadhi ni heshima au ni woga.

Ndipo akaniuliza, "Imeandikwa alitoka wapi?" Nikamwambia, Mnyasa. Wengi walioitwa hivyo waliletwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa kupitia Kilwa, wakaja kulima mtama na ufuta katika mashamba ya Malindi. Na kwa umri aliokadiriwa, ama aliletwa akiwa mtoto mdogo mno, kabla ya biashara ile kupigwa marufuku baharini mwaka 1873, ama alipitishwa kwa siri baadaye. Hapo shangazi aliuweka uteo chini. Aliniagiza nirudi Nairobi nikamtafutie jina la mama yake bibi, na mimi nimekubali. Sijui nianzie jalada lipi, kwa maana karatasi zile ziliandikwa ili bwana alipwe, na kwa malipo yale hapakuwa na haja ya kumwuliza mtu mamake ni nani.