Kazi ya kuhesabu vitanda

Ijumaa, usiku

"Mwanangu, usende ukasomee kuhesabu vitanda."

Kaka Sule kamwambia hayo bintiye Rukia Jumapili huku anachambua karafuu, hata uso hakuinua. Wiki nzima wakaguzi wako afisini, Bi Mkubwa kenda Unguja karudi bila ya jino, na mie bado niko kwenye vitanda vyangu.

Kwa sababu kweli navihesabu, ndiyo kazi yangu ya utawala wa hospitali. Wodi ya vitanda 24, mwezi wa siku 30, ni siku za kitanda 720. Kila usiku wa manane muuguzi wa zamu anahesabu waliolala. Ukijumlisha siku zote 30 ukapata 864, gawa kwa 720, zidisha kwa 100: vitanda vimetumika kwa asilimia 120. Sasa muuguzi akichelewa, akahesabu saa nne asubuhi wakati daktari keshapita na walioruhusiwa washaondoka, hesabu inashuka, wodi inaonekana ina nafasi, na mashuka ya mwaka ujao yanaombwa kwa hesabu hiyo hiyo. Wodi ya wazazi ndiyo hodari wa kudanganya. Mzazi aliyeingia alfajiri akaruhusiwa jioni, hesabu ya usiku haimwoni kabisa, na kitanda kakilalia, shuka kalichafua, muuguzi kamshughulisha.

Ndiyo hayo, Kaka. Usende ukasomee.

Yeye anataka Rukia awe daktari, "ukubwa utakuja wenyewe". Njia hiyo ipo, sikatai: miaka 5 ya udaktari, mwaka 1 wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitali chini ya uangalizi, kisha shahada ya uzamili ya afya ya jamii au ya uongozi. Ni ndefu, na mtu anaweza kuimaliza miaka 6 ya mwanzo bila ya kufundishwa kusoma mizania hata moja. Ninayomsukumia mie ni Chuo Kikuu cha Mzumbe, kule Morogoro, shahada ya usimamizi wa mifumo ya afya. Ipo na ya tatu: uhasibu, ununuzi au takwimu, halafu unaingia hospitali kwa mlango huo huo.

Jina la shahada lisimbabaishe. Afungue orodha ya masomo, atafute takwimu za afya, epidemiolojia (elimu ya kuenea kwa maradhi), uhasibu wa gharama, ununuzi na ugavi, na wiki ngapi za mafunzo kwa vitendo ndani ya hospitali. Akikuta takwimu muhula mmoja, na yaliyobaki yote ni misingi ya uongozi hii na misingi ya uongozi ile, basi hiyo ni shahada ya utawala iliyovishwa koti jeupe.

Matokeo ya Rukia ya kidato cha sita: Biolojia C, Kemia D, Fizikia E. Pointi 3, 2 na 1. Sharti la chini la shahada ni kufaulu masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, naye ana 5 kwa mawili ya juu. Nyumbani washapiga vigelegele. Lakini pointi zinahesabiwa kwenye masomo ambayo kozi yenyewe imeyataja, na hayo yameandikwa kozi kwa kozi kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kuna watoto wana pointi na somo hawana, na hawalijui hilo mpaka majina yatoke.

Halafu Kaka kauliza jengine, ambalo siku ile sikulisikia kwa hasira: "Akimaliza ataandikwa kazi kwa jina gani?"

Hapo kanipata. Afya si jambo la Muungano. Wizara ni yetu wenyewe Zanzibar na tangazo la ajira ni letu. Likitaja shahada ya uhasibu au utawala wa umma, na cheti chako kimeandikwa mifumo ya afya, unaweza kuwa hodari wa mambo yote na faili lako likawekwa pembeni. Ilikuwa nimwambie mtoto akusanye matangazo ya zamani ya kazi za utawala wa hospitali, asome mstari wa sifa kabla ya kujaza fomu yoyote. Sikumwambia. Wala sikumwambia kuwa kule atasomeshwa sheria ya ununuzi ya Bara, akirudi atakutana na yetu ya 2016, na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ule wa bima ya afya, una sheria yake ya 2023 na madai yanayojazwa kwa utaratibu wake. Kaka hata skuli hakumaliza, na suala lake lilikuwa bora kuliko ushauri wangu.

Jana nikampa Rukia zile 864 na 720, bila ya maelezo. Hakugawa. Katoa kwanza, kapata 144, ndipo akagawa kwa 30: 4.8. Kalamu ikasita.

"Shangazi, hawa watano kila usiku wanalala wapi?"

"Wawili wawili. Wengine chini."

"Na kwenye ripoti wameandikwa kuwa wamelala chini?"

Ripoti ina kisanduku cha asilimia, basi. Nimecheka peke yangu njia nzima mpaka kituo cha daladala.

Mawingu yamekaa vibaya upande wa kisiwa cha Misali. Karafuu za Kaka ziko siku ya pili tu juani, nimeikunja moja jioni, imepinda, haikuvunjika: bado haijakauka. Namwambia kila siku asiziache nje usiku. Simu yake haipatikani.