Simu inaogopa nini?

Leo jioni, hapa Mikindani, mpwa wangu wa kidato cha pili aliniletea daftari lake la Kiingereza, akitaka nimweleze maana ya kitenzi vibrate ambacho walitakiwa kukitungia sentensi.

Nilimjibu upesi kwamba ni kutetemeka, naye akaandika kwamba simu ya mjomba inatetemeka mezani.

Bibi, aliyekuwa kibarazani akibangua korosho, akauliza: "Simu hiyo ina homa, au inaogopa kitu?"

Tulicheka, lakini swali lake lilinikaa. Kiingereza mara nyingi humwachia tremble mtu mwenye hofu, baridi au homa, na vibrate, iliyotokana na Kilatini, hukipa kitu kinachokwenda na kurudi upesi mno, kama uzi wa gitaa, ambao kwa noti ya A wanayoitumia wanamuziki kuwa kipimo hutikisika mara 440 kwa sekunde moja. Kutetemeka kwetu hubeba yote mawili, pamoja na ardhi yenyewe, wala sioni kwamba huo ni upungufu.

Wakati huohuo simu yangu ikaita bila sauti.

Ilisogea kidogo kidogo kuelekea ukingo wa meza, na chai kikombeni ikafanya viduara vyembamba. Bibi akaacha korosho zake, akaifunika kwa kiganja, akatulia kama anayempima mtoto joto.

"Haina homa," akasema. "Imepandwa na mashetani."

Nyumbani kwenu simu hutetemeka, hutikisika au hunguruma? Niandikieni usiku huu, kwa kuwa daftari linarudi shuleni kesho asubuhi.