Steringi Hafi

Saa tisa za usiku. Wazee tunaowatunza wamelala, mashine ya kufulia inanguruma, na mimi na mwenzangu wa zamu tuko chumba cha mapumziko tunabishana. Mwenzangu ni Mkenya, mtu wa Nakuru. Nje ni nyuzi 26 chini ya sifuri, Januari ya Minnesota, baridi ya kugandisha kope. Kinachotugombanisha si siasa wala mpira. Tunabishana steringi, yaani mhusika mkuu, wa ile picha ya Kihindi Sholay ni nani.

Ubishi huu ninao tangu nina miaka tisa. Kibanda umiza chetu kilikuwa Ngamiani, Tanga: mabati juu, mabati ubavuni, mabenchi ya mbao mbichi, televisheni ya chogo, na deki iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi kama mtoto mchanga. Wakubwa walikaa mabenchini, sisi wadogo chini mchangani, shingo juu. Kibanda kilikuwa na katiba ya kifungu kimoja: steringi hafi. Adui anakufa, rafiki wa steringi anaweza kufa, hata demu wa steringi akiponzwa na mapenzi yake shauri yake, lakini steringi hafi. Akipigwa risasi tatu za kifua ukasikia mtoto anaanza kulia, kulikuwa na mtu wa nyuma kabisa, sijui hata jina lake, kazi yake ilikuwa kututuliza: "Nyamazeni nyie, steringi hafi!" Na kweli, baada ya dakika mbili steringi anainuka, anajifunga kitambaa begani, kibanda kinapasuka kwa makofi.

Ndipo ikaja Sholay, picha ya mwaka 1975, ikatuvurugia katiba. Wezi wawili marafiki, Veeru na Jai, yaani Dharmendra na Amitabh Bachchan, wanakodiwa na polisi mstaafu aliyekatwa mikono yote miwili ili wamkamate jambazi Gabbar Singh. Kila wakitofautiana, Jai anarusha sarafu, na kila mara bahati inamwangukia yeye. Mwishoni Veeru anatakiwa aende kutafuta msaada na Jai abaki kuzuia majambazi. Sarafu ndiyo iliyoamua. Jai anakufa. Amitabh anakufa! Kibanda kilinyamaza mpaka ukasikia jenereta la jirani. Kaka yangu, mwanasheria wa mtaa asiye na cheti, akatoa hukumu palepale kwamba aliyekufa hawezi kuwa steringi, hivyo steringi ni Dharmendra. Nusura wapigane. Tulipofika nyumbani mama, ambaye picha ile aliiona zamani kwenye sinema ya mjini kabla sinema zetu hazijafa, alicheka tu. "Nyote mmekosea," akasema. "Mmeiangalia ile sarafu?"

Sikuwa nimeiangalia. Mbele ya maiti ya Jai, Veeru anaigeuza sarafu, anakuta pande zote mbili ni sawasawa. Muda wote ule Jai alikuwa anachagua mwenyewe.

Mkenya wangu hakukubali. Yeye kalelewa na DJ Afro, mtia sauti picha wa Kenya, mimi na kanda zilizotiwa sauti na Lufufu, na hakuna kati yetu aliyekuwa amewahi kusikia sauti halisi ya Anodi Shwaziniga mpaka tulipofika huku. Hilo nalo lina machungu yake. Mwaka wangu wa kwanza niliitafuta Commando ya 1985 nikaitazama kwa Kiingereza chake. Nilisikitika. Yule mtu haongei! Anatamka maneno matano, anaua watu, basi. Anodi wa Ngamiani alikuwa na shangazi, alikuwa na madeni dukani, alimpiga adui ngumi huku anamkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndipo nilipojua kwamba nusu ya picha nilizozipenda utotoni zilitungwa na Mswahili aliyeshika kipaza sauti. Kuna mzee mmoja hapa kazini, shabiki wa John Wayne, nilimweleza katiba yetu akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia nitafute The Cowboys ya 1972. Nikaitafuta. John Wayne anauawa hata picha haijaisha.

Riwaya ndizo zilizonizoesha mambo hayo mapema. Mwaka nilipotoka kibandani na kuingia kwa Euphrase Kezilahabi, nilikuwa kama mtu aliyetolewa juani akatumbukizwa kisimani. Kwa Kezilahabi steringi anakufa, tena mara nyingi kwa mkono wake mwenyewe. Rosa anajiua katika Rosa Mistika, ya 1971. Kazimoto anajiua katika Kichwamaji, ya 1974. (Kama hujazisoma, samahani, lakini umechelewa miaka hamsini.) Kichwamaji ndiyo iliyonikaa. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu anayerudi kijijini akakuta hawezi tena kukaa na watu wake, na hawezi kukaa mbali nao. Niliisoma nikiwa na miaka 17 nikamwona ana maringo. Nikaisoma tena hapa nina 30 na kitu, nimerudi likizo Tanga wiki tatu, nimewaudhi watu watatu na kulala mapema kila siku kwa sababu sikujua niongee nini barazani. Sikumwona tena ana maringo.

Halafu nikagundua jambo nililopaswa kulijua zamani: Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, alisomea shahada yake ya udaktari Madison, Wisconsin, jimbo jirani na letu, akaipata 1985. Ni mwendo wa saa nne na ushei kwa gari. Nilikwenda siku moja ya mapumziko, Februari, bila kazi yoyote kule. Chuo kiko ukingoni mwa ziwa Mendota. Lilikuwa limeganda, na katikati ya ziwa watu wamekaa juu ya ndoo, wametoboa barafu, wanavua samaki. Nilisimama nikajaribu kumfikiria mtu aliyekulia kisiwani Ziwa Victoria, kwenye mitumbwi na sato, anatazama ziwa linalotembelewa na magari. Masikio yakaanza kuuma, nikarudi garini. Alifariki Januari 2020. Siku hiyo nilikuwa zamu, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Riwaya ya Kiingereza ninayoiweka juu ya zote ni By the Sea ya Abdulrazak Gurnah, ya 2001. Niliisoma miaka mingi kabla hajapewa Nobeli 2021, nalisema hilo kwa sababu baada ya Nobeli kila mtu alikuwa amemsoma. Steringi wake ni Saleh Omar, mzee wa miaka 65, anatua Gatwick kuomba hifadhi huku amejifanya hajui Kiingereza. Ofisa wa uhamiaji anapekua begi lake, anakuta kijisanduku cha udi, anaunusa, na mwishowe anauchukua. Ni hayo tu. Hakuna risasi wala ngumi. Lakini nilifunga kitabu nikaenda kunawa uso.

Mimi mama alinifungia udi kwenye kipande cha khanga, katikati ya nguo, hata sikujua upo. Ofisa wangu alikuwa mwanamama mnene mwenye haraka. Akanusa, akauliza kama ni dawa, nikasema ni kitu cha kufukizia nguo, akanirudishia. Bahati yangu iliishia pale. Jumamosi ya kwanza niliufukiza ndani, king'ora cha moshi kikalia jengo zima, majirani wa ghorofa tatu wakatoka na watoto kwenye theluji wakiwa na nguo za kulalia. Kipande kilichobaki kiko kwenye kopo la kakao. Huwa nafungua kifuniko, nanusa, nafunga.

Kuhusu maisha yetu hasa ya huku, ipo Bongoland, picha ya 2003 ya Josiah Kibira, Mtanzania wa hukuhuku Minnesota. Juma Pondamali amekuja kutafuta maisha, anakutana na makaratasi na baridi. Si picha ya fedha nyingi na haijifanyi hivyo. Ninaipenda kwa sababu Juma hainuki baada ya dakika mbili akajifunga kitambaa begani. Ndugu zetu nyumbani walioiona wengi hawakuamini. Kwao, mtu aliyepanda ndege ndiye steringi, na steringi haoshi vyombo. Sisi wabeba boksi tunachangia uongo huo, nisifiche. Picha niliyotuma mwaka wa kwanza nimeegemea gari jekundu. Lilikuwa la msimamizi wetu.

Maana mimi nilikuja kwa bahati nasibu ya Green Card, zile viza za Marekani zisizozidi 55,000 walizokuwa wakigawa kwa mwaka kwa dunia nzima. Kila Oktoba kaka yangu, yuleyule mwanasheria wa kibandani, alinichukua mpaka intaneti kafe, ananikalisha wima, ananipiga picha ukutani, anajaza fomu mwenyewe kwa sababu alisema mimi nitakosea tahajia ya jina langu. Miaka minne. Nilipomuuliza ya kwake, alisema amekwisha ijaza asubuhi. Mwaka wa nne jina langu likatoka. Akasema, "Basi dogo, mwenye bahati yake ni wewe," akanibeba mgongoni mtaa mzima nikiwa na miaka 25.

Miaka miwili iliyopita naongea na mama kwa simu, namlaumu kaka kwa jambo fulani dogo la fedha. Mama akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, kaka yako hajawahi kujaza ile fomu. Hata mara moja. Alisema mkienda wote mimi nitabaki na nani." Nilimpigia kaka palepale. Hakutaka kuongelea. Akaniuliza kama huku Sholay inapatikana yenye picha safi, yake ya kibandani ilikuwa na mistari. Nilimtumia, pamoja na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya ile Paradise ya Gurnah. Peponi ameisoma mara mbili. Kuhusu Sholay bado anashikilia kwamba steringi ni Dharmendra.

Sasa niko na mtihani mwingine nyumbani. Binti yangu ana miaka 15, Kiswahili chake ni cha kuagizia chakula. Jioni ninapokuwa sina zamu tunasoma Vuta n'kuvute ya Adam Shafi kwa sauti, kurasa tatu tatu. Ukurasa wa kwanza tu tulikwama: uso wa Yasmin umefananishwa na tungule. "Tungule ni nini, baba?" Nikamwambia ni nyanya, bibi yako husema hivyo, na Waunguja. Akaenda jokofuni akaleta moja, ya dukani, ngumu kama mpira wa tenisi, haina harufu. Akaishika mbele ya uso wake, akaniangalia. Nikamwambia hapana, hiyo siyo, tungule ya kweli ukiibonyeza inakubali.

Yasmin alimvutia binti yangu, labda kwa sababu ya umri: msichana wa miaka 15 anaozwa Bwana Raza, mtu wa rika la baba yake, Unguja ya wakati wa Waingereza, naye anatoroka. Tulipofika katikati tukaitafuta picha ya kitabu hicho, ile ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021. Unguja imepigwa vizuri mno, vichochoro vile vya usiku, taa za kandili, kuta zinazotoa jasho. Yasmin na Denge, yule kijana mpigania uhuru, waliposogeleana niliinuka nikaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba, nikakaa jikoni mpaka muziki ulipobadilika.

Niliporudi Denge alikuwa taabani mikononi mwa serikali, na binti yangu amekumbatia mto. Nikamwona machozi yanakaribia. Nikajikuta nimesema lile neno, kwa sauti ileile ya yule mtu wa nyuma.

"Tulia, mama. Steringi hafi."

Hakugeuka hata kunitazama. "Baba, steringi si Denge. Steringi ni Yasmin."