Siku ya 70: mizani, vihori na mafuta ya mgongoni

Saa 11 alfajiri. Nafika bandani kabla chakula hakijamwagwa. Leo ni siku ya mwisho ya jaribio la siku 70 la kupima nani kati ya maksai wetu anatumia chakula vizuri, na uzito wa maksai nautaka wakiwa bado hawajala. Ng'ombe aliyeshiba na kunywa maji huongeza kilo kadhaa ambazo si nyama wala mafuta, ni tumbo lililojaa tu. Ndiyo maana tunapima asubuhi mbili mfululizo, jana na leo, saa ile ile, kisha tunachukua wastani.

Saa 12. Foleni kwenye kibanio. Mzee anayewaswaga hana fimbo mkononi, anatumia sauti na mahali anaposimama tu. "Taratibu, mwanangu, akishtuka mizani haitatulia." Namwitikia, "Sawa, mzee," nasubiri namba iache kuchezacheza ndipo naandika. Baada ya kila ng'ombe wachache tunakwangua mavi kwenye mizani na kuirudisha sifuri.

Namba 17 ana kilo 421. Namba 31 ana kilo 418. Wote wawili wameongezeka wastani wa kilo 1.3 kwa siku. Ukiwaweka ubavu kwa ubavu utadhani ni pacha.

Saa 2 asubuhi. Vihori. Kila kimoja kimekaa juu ya mizani yake, na maksai akiingiza kichwa hereni yake ya kielektroniki inasomwa, kwa hiyo tunajua nani kala, lini na kiasi gani. Naondoa masalia, nachota sampuli mbili za mchanganyiko mpya na kuzipeleka kwenye tanuri la kukaushia. Hatua hii wengi huipuuza, nami huniuma nikiona hivyo: silaji, yaani majani yaliyochachushwa, inaweza kuwa maji zaidi ya nusu ya uzito wake, kwa hiyo ukihesabu chakula kibichi unahesabu maji. Sisi tunahesabu uzito mkavu peke yake. Siku 21 za mwanzo, walipokuwa wakizoea mlo na vihori, hazimo kabisa katika zile 70.

Kwa uzito mkavu, 17 amekula kilo 9.1 kwa siku, na 31 kilo 7.8. Yaani kila kilo moja ya ongezeko imemgharimu wa kwanza kilo 7 za chakula, na wa pili kilo 6.

Saa 4. Altrasaundi, kazi ninayoipenda kuliko zote. Tunanyoa manyoya mgongoni, tunapaka mafuta ya mimea ili mawimbi ya sauti yapenye vizuri, kisha naweka kichwa cha mashine kati ya ubavu wa 12 na wa 13. Kwenye skrini naona ngozi, chini yake utando wa mafuta, halafu umbo la yai lenye giza: huo ndio mnofu wa mgongo. Napima unene wa mafuta na eneo la mnofu.

Namba 17: mafuta milimita 9. Namba 31: milimita 5.

Pacha wangu si pacha tena. Mizani ilisema wameongezeka sawasawa, lakini wamejijenga kwa vitu tofauti. Gramu moja ya mafuta hubeba takriban kilokalori 9.4, protini takriban 5.6, na mnofu wenyewe karibu robo tatu yake ni maji. Kwa hiyo kilo moja ya mafuta inadai nishati nyingi kuliko kilo moja ya mnofu. Ng'ombe anayekua hutanguliza mifupa, kisha misuli, mafuta yanashika kasi mwishoni. Namba 17 huenda ameanza tu kukomaa mapema, nami nilikuwa karibu kumwita mlafi.

Saa 8 mchana. Mezani, na kompyuta. Mwaka 1963 mtafiti Koch na wenzake nchini Marekani walipendekeza njia ninayoitumia hadi leo: kadiria chakula ambacho mnyama wa uzito ule na ukuaji ule angetarajiwa kula, kisha toa makadirio hayo kwenye alichokula kweli. Uzito hupandishwa kwa kipeo cha 0.75, kwa sababu mahitaji ya kuuendesha mwili hayaongezeki sambamba na kilo. Kinachobaki kikiwa chini ya sifuri, mnyama anatumia chakula vizuri. Naipenda kuliko ule uwiano wa 7 na 6, kwani ukichagua mbegu kwa uwiano huo pekee unaelekea kupata ng'ombe wakubwa zaidi wakikomaa, na ng'ombe jike mwenye mwili mkubwa hula mwaka mzima.

Kwa uzito wao na ongezeko lao, wote wawili walitarajiwa kula kilo 8.5. Namba 17 amezidisha 0.6. Namba 31 amepunguza 0.7.

Saa 10 jioni. Naongeza unene wa mafuta kwenye hesabu na kuirudia yote. Namba 31 anabaki 0.4 chini ya sifuri, bado ni hodari. Namba 17 anashuka hadi 0.3 juu. Aliyenishangaza ni maksai mwingine, namba 22: kwenye hesabu ya kwanza alikuwa 0.3 chini, sasa yuko sifuri. Sifa yake yote ilikuwa ni wembamba.

Kwa maksai wa kuchinjwa pengine si kitu. Lakini dada zao hubaki kuzaa, na mtamba mwenye akiba ndogo ya mafuta huweza kuchelewa kupata joto la kwanza. Wakati huohuo sitaki kuyapa mafuta uzito kupita kiasi. Mwaka 2004, Richardson na Herd wa Australia walikadiria kuwa muundo wa mwili ulieleza takriban asilimia 5 tu ya tofauti hizi. Sehemu kubwa zaidi iko ndani ya chembechembe za mwili, jinsi protini inavyojengwa na kubomolewa, na mengine yako kwenye usagaji wa chakula na mizunguko ya mnyama mwenyewe zizini.

Saa 12 jioni. Napeleka orodha mbili, yenye mafuta na isiyo na mafuta, na jina la 22 nalipigia mstari. Mzee anafunga lango. Namba 31 ameshalala anacheua. Namba 17 bado yuko kihorini.